Kuzunguka Dunia kwa Meli na Kuyaona Maisha ya Watu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu niliporejea Mombasa kutoka safari ya zaidi ya siku mia moja ya kuizunguka dunia kwa meli, nimekuwa nikiulizwa maswali yale yale barazani, harusini na kwenye simu. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa ajili ya msomaji anayetaka kusafiri ili akutane na watu na kuyaelewa mambo yanayowagusa katika maisha yao ya kila siku. Anayetafuta bei za vyumba na majina ya hoteli atayapata kwingine kwa urahisi.

Safari za namna hii ni zipi, na zinatofautianaje na utalii wa kawaida wa meli?

Mfano unaojulikana sana ni Peace Boat ya Japani. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1983 na wanafunzi wa vyuo vikuu walioudhika kwa namna vitabu vya shule vya nchi yao vilivyokuwa vikipunguza uzito wa uvamizi wa Japani katika nchi za Asia. Waliona kwamba njia ya kuujua ukweli ni kwenda kuwasikiliza wenyewe waliovamiwa, wakakodi meli. Tangu mwaka 1990 shirika limekuwa likifanya safari za kuizunguka dunia nzima, kila moja ikichukua kiasi cha miezi mitatu, na meli inayotumika sasa, Pacific World, iliundwa mwaka 1995 ikajulikana kwa miaka mingi kwa jina la Sun Princess. Wamarekani nao wana mpango wa Semester at Sea, ulioanza mwaka 1963, ambao wanafunzi wa vyuo vikuu husoma muhula mzima melini na masomo hayo yakahesabiwa katika shahada zao.

Tofauti na meli ya starehe iko katika namna siku za baharini zinavyotumika. Katika Peace Boat hupanda wageni wanaotoa mihadhara kuhusu nchi inayokaribiwa, nao hushuka baada ya bandari moja au mbili na kuwapisha wengine. Wajapani huwaita wageni hao mizusaki annainin, yaani mtu anayeiongoza meli kuingia bandarini. Sisi tunalo neno lake hasa, rubani, ambalo lilikuwa la bahari kabla ndege hazijalichukua. Tangu mwaka 2008 wamekuwemo pia wazee walionusurika mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki ya Agosti 1945, ambao huenda bandari kwa bandari wakisimulia yaliyowapata.

Je, saa kumi bandarini zinatosha kuujua utamaduni wa watu?

Hazitoshi, na ni bora kulikubali hilo kabla ya kukanyaga ngazi ya meli. Wazee wetu wa majahazi hawakuwa na tatizo hili. Kaskazi iliyowaleta wageni kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi kati ya Desemba na Machi haikuweza kuwarudisha kwao, ikawabidi wangoje kusi. Katika kungoja huko walipanga vyumba, walikopesha na kukopeshwa, waliugua wakauguzwa, walioa, na walisali bega kwa bega na wenyeji. Maneno kama nahodha, serahangi na bandari, yenye asili ya Kiajemi, yalikaa katika Kiswahili kwa sababu waliokuja nayo walikaa. Meli ya leo haina subira hiyo. Huingia alfajiri na kung'oa nanga magharibi, kwa kuwa kila saa inayofungwa gatini inalipiwa.

Kwa hiyo msafiri wa leo hana budi kujitengenezea kungoja kwake mwenyewe, na mahali pa kungojea ni baharini. Nichukue mfano wa Cape Town na Rio de Janeiro, miji ambayo kati yake tulisafiri kama siku nane bila kuona nchi kavu. Kabla ya Cape Town tulisoma kwa siku kadhaa habari za District Six, mtaa uliotangazwa mwaka 1966 kuwa wa weupe peke yao, kisha zaidi ya watu 60,000 wakahamishwa na nyumba zao kubomolewa. Tulipoingia katika jumba la kumbukumbu la mtaa huo, lililofunguliwa mwaka 1994, hatukuhitaji mtu wa kutueleza ni nini kile kilichotandazwa sakafuni. Ni ramani kubwa ya mitaa iliyokuwapo, na wenyeji wa zamani wameandika majina yao juu yake pale zilipokuwa nyumba zao. Mwenzetu mmoja alipotaka kuvuka chumba alisita, akavua viatu bila kuambiwa na mtu. Asiyekuwa amejiandaa angepita juu ya ramani ile kama zulia.

Halafu zikaja siku nane za Atlantiki, tukawa na wasaa wa kuyazungumza yale tuliyoyaona na kujiandaa kwa ng'ambo ya pili. Mjini Rio, wakati wa matengenezo ya eneo la bandari mwaka 2011, yalifukuliwa mawe ya Gati la Valongo, ambapo inakadiriwa kwamba Waafrika 900,000 waliteremshwa wakiwa watumwa. Unesco iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017. Wengi wa walioteremshwa walitoka Angola na Kongo, lakini wamo pia waliopakiwa Msumbiji, katika bahari hii hii yetu. Mahali penyewe ni shimo la mawe kando ya barabara, na mtu aliyeshuka melini kwenda ufukweni Copacabana anaweza kupita karibu napo asijue. Mimi nilikaa pale asubuhi nzima, na sijutii kwamba sikuiona Copacabana.

Siku ya bandarini niitumieje, ikiwa sitaki kufuata basi la watalii?

Ninashauri uchague jambo moja tu na ulifanye polepole. Panda basi au treni ya umma, nenda soko wanakonunua wenyeji chakula chao, kaa mahali pamoja muda mrefu kuliko unavyoona inafaa, na kula huko huko. Nitaeleza siku yangu moja ya Mumbai, kwa sababu ndiyo iliyonifunza haya.

Nilitoka langoni na mama mmoja wa Kijapani mwenye umri wa miaka sabini na kitu, tukatembea hadi tukachoka, tukasimama mbele ya duka la viungo lenye upana usiozidi mikono yangu miwili nikiinyoosha. Niliuliza bei ya iliki kwa kidole na macho. Mwenye duka akajibu kwa Kihindi, na katikati ya jibu lake nikadaka paisa, ambayo ndiyo pesa yetu. Nikamwonyesha duka lake nikasema duka, akacheka akasema dukaan. Tukaendelea hivyo: chai, gari, rangi, bima, na hata laki, ambayo kwao kama kwetu ni mia elfu. Alimtuma kijana alete chai, ikaja katika vibilauri vidogo vya moto usioshikika, na kijana huyo, ambaye alikuwa mwanafunzi na alijua Kiingereza, akakaa kututafsiria.

Nilipouliza kama duka ni lake, alitikisa kichwa akataja pagdi. Kijana alieleza kwamba pagdi maana yake ni kilemba cha kichwani, lakini pia ni fedha nyingi anazotoa mpangaji mara moja anapoingia, kisha akaendelea kulipa kodi ndogo miaka na miaka, yeye na wanawe. Nilishangaa, kwa kuwa nasi katika miji ya pwani fedha za kuingilia duka tunaziita kilemba. Desturi ile ile, na jina lile lile lililotafsiriwa, vilivuka bahari kimya kimya na wafanyabiashara. Kisha akasema yaliyo mazito. Kwa kuwa kodi ni ndogo, mwenye jengo haoni sababu ya kulikarabati, na mpangaji naye hathubutu kuhama asije akapoteza haki aliyoirithi kwa baba yake. Majengo ya kale ya Mumbai huanguka wakati wa mvua za masika, na watu hufa ndani yake. Alitunyooshea kidole ufa uliopanda ukutani nyuma ya makopo ya bizari, akatuambia kwamba kila mwaka mvua zinapoanza mkewe humkataza kulala dukani.

Nililipa iliki yangu na chai akakataa kulipwa. Hakuna basi la watalii ambalo lingenifikisha kwenye ufa ule.

Ni sawa kwenda kutazama mitaa ya maskini?

Swali hili huniuma, maana nimekulia Mji wa Kale wa Mombasa, karibu na Ngome ya Yesu, nami ninajua kutazamwa. Nilipokuwa mtoto, wageni waliposhuka melini walikuwa wakisimama mlangoni petu na kumpiga picha bibi yangu akichagua mchele barazani. Hawakubisha hodi wala hawakumwamkia. Bibi alikuwa akivuta ushungi usoni na kuendelea na kazi yake. Hakuwahi kuwafukuza, lakini alikuwa akituambia kwamba mtu asiyekuamkia hakukuona.

Kwa hiyo mashauri yangu ni haya. Usiende Dharavi ya Mumbai, Rocinha ya Rio au Kibera ya Nairobi kwa ajili ya kuona umaskini. Nenda kama kuna wenyeji waliokualika kuona kazi wanayoifanya, iwe ni shule, karakana, zahanati au kikundi cha akina mama, na kama fedha unayolipa inabaki kwao. Acha kamera mfukoni mpaka uombwe au uruhusiwe na mwenyewe. Idhini ya kiongozi wa ziara haitoshi, na idhini ya mtoto si idhini. Jiandae pia kuulizwa maswali, kwa kuwa mazungumzo ya upande mmoja ni mahojiano ya polisi. Mjini Cape Town mama mmoja aliniuliza kama kwetu maji hutoka bombani kila siku, nikalazimika kumjibu ukweli, na tangu hapo tukaongea kama majirani.

Zawadi ndogo ndogo kwa watoto barabarani, pipi na kalamu, ninaziona kuwa na madhara. Zinawafunza watoto kuziacha shule siku za meli.

Je, melini kwenyewe kuna masuala ya kijamii ya kuyatazama?

Yapo, tena makubwa, na hushangaza jinsi abiria waliosafiri kwenda kujifunza haki za watu wa mbali wanavyoweza kumaliza miezi mitatu bila kulijua jina la anayewatandikia kitanda.

Meli nyingi za abiria hupeperusha bendera za nchi kama Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, hata kama mwenye meli ni wa nchi nyingine kabisa, na sheria za kazi zinazofuatwa ndani yake ni za nchi ya bendera. Wafanyakazi wengi hutoka Ufilipino, Indonesia na India, na siku hizi wamo pia vijana wa Kenya na Tanzania. Kinga yao kuu ni Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, wa Shirika la Kazi Duniani, ulioanza kutumika Agosti 2013. Mkataba huo unazitaka nchi zichague mojawapo ya vipimo viwili: ama kazi isizidi saa 14 kwa siku na saa 72 kwa wiki, ama mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na saa 77 kwa wiki. Ukiipiga hesabu ya kipimo cha pili utaona kwamba wiki ya kazi ya saa 91 ni halali. Baharia pia ana haki ya kurudishwa kwao kabla hajatimiza miezi 12 melini.

Picha iliyonikaa zaidi katika safari nzima niliiona Cape Town, ndani ya jengo la abiria. Nilikuwa nikirejea melini jioni, nikawakuta wafanyakazi wetu kama thelathini wamekaa sakafuni, migongo ukutani, viatu vya kazi bado miguuni, kila mmoja akiwa na simu karibu na uso. Walikuwa wamepewa saa mbili za kutoka. Mji ulikuwa hatua chache tu nje ya mlango, lakini pale ndani waifai ilikuwa ya bure. Mhudumu wa chumba changu, baba wa Kifilipino, aliniita kwa mkono akanigeuzia simu ili nimsalimu bintiye aliyekuwa akipiga mswaki kabla ya kulala. Baba huyo alikuwa akimwimbia kwa sauti ya chini, na wenzake wawili walimwitikia bila kuondoa macho kwenye simu zao.

Wajue watu hawa. Waamkie, jifunze majina yao na namna ya kusema asante kwa lugha zao, na usiwaulize mambo ya mishahara mbele ya wasimamizi wao. Bahashishi wape mkononi inaporuhusiwa. Ukiwa Mombasa na unataka kuelewa zaidi maisha ya mabaharia, lipo pale Barabara ya Moi jengo la Mission to Seafarers, shirika la Kikristo lenye asili ya karne ya 19 ambalo huwapokea mabaharia wa dini zote.

Nitawezaje kuzungumza na watu bila kujua lugha zao?

Maneno ishirini yanatosha kuanza: salamu, asante, samahani, naomba, bei gani, kizuri, na namna ya kutaja wazazi na watoto. Msemaji wa Kiswahili ana akiba ambayo haijui, kwani maneno yake ya asili ya Kiarabu, Kiajemi, Kihindi na Kireno humfungulia milango mingi. Meza na leso zinaeleweka Rio kama zinavyoeleweka Lamu.

Vipi kuhusu pasipoti, viza na chanjo kwa raia wa Afrika Mashariki?

Hapa ndipo wengi wetu hukwamia, na ninasema kwa uchungu kwamba abiria wa Kijapani aliyelala chumba cha jirani hakuhitaji hata nusu ya karatasi zangu. Anza mapema, angalau miezi sita kabla. Kumbuka kwamba baadhi ya nchi hudai viza kwa kila aliyemo melini, hata asiyekusudia kushuka, na kukosa viza moja kunaweza kukufanya ukataliwe kupanda tangu bandari ya kwanza. Kama meli itaingia na kutoka zaidi ya mara moja katika nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, omba viza ya kuingia mara nyingi. Pasipoti iwe na kurasa tupu za kutosha na muda wa kutosha baada ya kurudi.

Cheti cha homa ya manjano hudaiwa kwetu katika nchi nyingi. Tangu Julai 2016 ni cha maisha yote, lakini huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichanje wiki ya safari.

Sala, saumu na chakula melini vikoje?

Msafiri ana ruhusa zake katika dini, ikiwemo kukusuru, yaani kufupisha, na kuchanganya sala, nami nilizitumia. Ugumu uko katika qibla na wakati. Meli hubadilisha mwelekeo, na dira ya simu huvurugwa na chuma cha meli, hivyo nilijifunza kutazama ramani ya safari inayoonyeshwa kwenye luninga za melini na kulinganisha na jua. Tulipokuwa katika bahari ya Polinesia ya Kifaransa nilipata jambo la kutafakari, kwani huko ndiko upande wa pili wa dunia kutoka Makka, na ukifika hasa kwenye nukta hiyo kila upande unaelekea Kaaba. Na si mbali na nukta hiyo kipo kisiwa cha Moruroa, ambacho pamoja na jirani yake Fangataufa kilitumiwa na Ufaransa kwa majaribio 193 ya silaha za nyuklia kati ya mwaka 1966 na 1996. Tahiti tuliwasikiliza jamaa za waliofanya kazi katika majaribio hayo, wakieleza habari za saratani na madai ya fidia, na yule mama wa Kijapani niliyetembea naye Mumbai, ambaye ni mzaliwa wa Nagasaki, alikaa kando yao akiwashika mikono.

Kuhusu saa, meli inayokwenda magharibi hurudisha saa nyuma mara kwa mara, ukapata siku za saa 25, kisha katika Pasifiki siku nzima ikatoweka. Sisi tulilala Jumatano tukaamka Ijumaa. Saa zetu za Kiswahili, zinazoanza kuhesabiwa jua linapochomoza, zilinisaidia baharini kuliko nilivyotarajia, ingawa anayekwenda kaskazini mwa Norwei mwezi Juni hatakuwa na machweo ya kuhesabia.

Chakula cha halali huandaliwa ukiomba wakati wa kuandikisha safari. Samaki na mboga zipo kila siku.

Nitaugua bahari?

Pengine siku mbili za mwanzo. Tafuna tangawizi, kaa katikati ya meli sitaha za chini, tazama upeo wa bahari, usisome. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana ugonjwa wa kuhara husambaa upesi melini na dawa za kupaka za vichupa hazimalizi virusi vyake vyote.

Meli bado hupita Suez? Na Panama je?

Tangu Novemba 2023, mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi kuzungusha meli zao Rasi ya Tumaini Jema, na ndiyo sababu safari yetu ilipita Cape Town. Angalia hali ilivyo kabla ya kulipa, na usishangae njia ikibadilishwa mkiwa tayari baharini.

Panama tulipita, na ni darasa la siku nzima. Mfereji uliofunguliwa mwaka 1914 ulichimbwa kwa sehemu kubwa na vibarua weusi kutoka Barbados na Jamaika. Walilipwa kwa orodha iliyoitwa ya fedha, ilhali weupe wa Marekani walilipwa kwa orodha ya dhahabu, na ubaguzi huo ulifika hadi kwenye malazi na chakula. Meli hupandishwa mita 26 hadi Ziwa Gatun, na kila meli inapopita hutumia takriban lita milioni 200 za maji matamu ya ziwa hilo, ambalo pia huwapa wakazi maji ya kunywa. Mwaka 2023 mvua zilipopungua, idadi ya meli ilipunguzwa. Kusimama sitahani ukiyatazama maji hayo yakimwagika baharini kwa ajili ya kukupitisha wewe ni jambo la kufikirisha.

Je, safari hizi haziharibu mazingira na kuielemea miji?

Zinaharibu, na anayesema vinginevyo anauza tiketi. Meli kubwa huchoma mafuta usiku na mchana, hata ikiwa gatini, isipokuwa bandari ina umeme wa kuiunganishia na meli ina uwezo wa kuupokea. Tangu tarehe 1 Januari 2020 kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kimeshushwa duniani kote kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, jambo lililosaidia hewa ya miji ya bandari, lakini gesi inayoongeza joto haikuguswa na kanuni hiyo. Kutupa plastiki baharini kumekatazwa kabisa popote. Ukiona ikitupwa, piga picha na toa taarifa.

Kuhusu miji, Venice ndiyo mfano. Wakazi waliandamana miaka mingi, na tangu tarehe 1 Agosti 2021 Italia imezikataza meli kubwa kupita Mfereji wa Giudecca. Malalamiko yao yanafanana na ya mji wowote mdogo unaoshukiwa na watu elfu mbili kwa asubuhi moja, watu ambao wameshakula kifungua kinywa melini na watarudi kula chakula cha jioni huko huko, na mji ukabakiwa na msongamano na takataka. Kinachowezekana kwa abiria mmoja ni kidogo lakini ni cha kweli: kula mjini, nunua kwa mfanyabiashara mdogo, ondoka katika barabara kuu inayotoka bandarini, na chagua safari inayokaa siku mbili au tatu mahali pamoja kuliko inayojigamba kwa wingi wa bandari.

Sina fedha nyingi. Kuna njia nyingine ya kupanda?

Zipo chache. Peace Boat huchagua wakalimani na walimu wa lugha wa kujitolea, ambao husafiri kwa kufanya kazi melini, na kijana anayejua Kijapani au Kihispania pamoja na Kiingereza ana nafasi ya kushindana. Nchini Japani kwenyewe vijana wengi wamepunguziwa nauli kwa kubandika mabango ya shirika mitaani. Zamani iliwezekana pia kulipia chumba katika meli ya shehena, lakini tangu janga la mwaka 2020 kampuni nyingi zimeifunga njia hiyo.

Kuhusu kazi za meli, ninaomba uwe mwangalifu sana. Ndugu yangu alipoteza akiba ya miaka miwili kwa wakala aliyemwahidi nafasi ya uhudumu na kumdai ada ya usajili, ada ya mafunzo, kisha ada ya kuharakisha viza. Mkataba wa mwaka 2006 niliokwisha kuutaja unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi; anachoweza kutakiwa kugharimia ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia cha nchi yake na pasipoti. Anayekudai zaidi ya hapo anakuibia, hata akiwa na ofisi nzuri yenye picha za meli ukutani.

Nianzie wapi, ikiwa bado sina hata pasipoti?

Anza na maji ya kwetu. Panda meli ya usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba, daraja la kawaida, uketi na wafanyabiashara. Kabla ya kwenda, soma habari za MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza na kuua mamia ya watu, kwa kuwa utakuta wenye umri mkubwa wakiikumbuka kwa majina ya ndugu zao. Beba chakula cha kutosha kumkaribisha jirani. Kutakapopambazuka na milima ya Bukoba kuonekana, utakuwa umeshaulizwa unatoka wapi, kabila lako ni lipi, una watoto wangapi na kwa nini unasafiri bila mzigo wa kuuza, na utakuwa umepata jibu la kila swali ulilothubutu kuuliza nawe.